UZI: "Cry" na "weep" zilianza kama yowe, machozi yakafuata

Mzizi wa Neno

Wakuu, habari za jukwaa. Neno "cry" huulizwa hapa mara kwa mara na hujibiwa kwa neno moja: kulia. Jibu hilo linatosha ukimwongelea mtoto mchanga. Halitoshi ukisoma Biblia ya Kiingereza ya 1611, riwaya ya zamani au hati ya sheria ya Uingereza, maana "cry" ilianza kwa kupaza sauti tu, bila tone la chozi. Mfasiri anayeandika "akalia" kila aonapo "cried" anawatoa machozi watu ambao mwandishi alisema walikuwa wanaita.

Njia ya neno lenyewe ni hii. Kilatini kilikuwa na kitenzi "quiritare", yaani kupiga yowe, kulalama kwa sauti. Katika Kilatini cha mitaani, kile ambacho hakikuandikwa, kikafupishwa kikawa *critare. Hiyo nyota mbele ya neno izingatieni: maana yake umbo hilo halijakutwa katika maandishi yoyote, limejengwa na wataalamu kutokana na watoto wake. Na watoto wapo hai: Kiitaliano "gridare", Kikatalani "cridar", Kihispania na Kireno "gritar", Kifaransa "crier". Wote, hadi leo, maana yao ya msingi ni kupaza sauti. Machozi hayamo.

Mabadiliko ya sauti nayo yana utaratibu. Kifaransa hudondosha "t" iliyokaa katikati ya irabu mbili: Kilatini "vita", maisha, kikawa "vie". Kwa njia hiyo hiyo *critare ikawa "crier". Kiitaliano mara nyingine hugeuza "cr" ya mwanzo kuwa "gr": "crypta" ikawa "grotta", pango. Ndiyo "gridare" hiyo.

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na kufikia karne ya 13 "cry" imeshaingia katika Kiingereza ikiwa na maana ya kuomba kwa sauti, kusihi, kutangaza. Maana ya machozi ilijiunga humo humo katika karne hizo za kati, ikanenepa polepole, na kufikia karne ya 16 "cry" imeshaisukuma "weep" pembeni katika mazungumzo ya kila siku.

Maana ya kale haikufa. "Town crier" ni mpiga mbiu wa mji. "War cry" ni ukelele wa vita. "Outcry" ni malalamiko ya umma. "Street cries" za London zilikuwa sauti za wachuuzi wakinadi samaki na matunda. "To cry wolf" ni kupiga yowe kwamba mbwa mwitu amekuja ilhali hajaja, na hakuna anayelia hapo. Hata "decry", ambayo leo ni kushutumu hadharani, ilitumika kwa sarafu: mpiga mbiu alitangaza kwamba sarafu fulani imeshushwa thamani au haipokelewi tena.

Karibuni.

Binti Mrima

Shukrani mkuu, uzi umeshiba. Swali: kama "cry" ililetwa na Wafaransa, basi "weep" ndiyo ya Waingereza wenyewe na ndiyo ya machozi tangu mwanzo?

Fundi Lahaja

Binti Mrima, swali lako limegusa penyewe. Ni ya kwao, ndiyo. Ya machozi tangu mwanzo, hapana. "Weep" nayo ilianza kama yowe.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi "wepan" na nomino "wop", kilio. Ndani ya Uingereza maana yake tayari ilikuwa kulia na kuomboleza. Lakini tazama ndugu zake nje. Katika lugha ya Waviking, yaani Kinorsi cha Kale, "œpa" ni kupaza sauti. Katika Kigothi, lugha ya kale iliyokwisha kufa ya ukoo huo huo, "wopjan" ni kuita kwa nguvu. Ushahidi wa Kigothi una uzito wa pekee kwa sababu Wulfila, askofu wa Wagothi, alifasiri Biblia katika karne ya 4, mapema kuliko maandishi marefu ya lugha nyingine yoyote ya ukoo wa Kijerumani, yaani Kiingereza, Kijerumani, Kiswidi na wenzao. Nakala mashuhuri ya tafsiri hiyo, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya rangi ya zambarau, inatunzwa Uppsala, Uswidi.

Sasa fungua Marko 1:3. Kiingereza cha 1611: "the voice of one crying in the wilderness". Wulfila: "stibna wopjandins in authidai". Pale Mwingereza alipoweka "cry", Mgothi aliweka ndugu wa damu wa "weep". Na maana ni moja: sauti ya mtu anayeita jangwani.

Kwa hiyo "weep" ilisafiri kutoka yowe hadi chozi, na baadaye "cry" ikaja ikapita njia hiyo hiyo nyuma yake. Kwangu hili ndilo jambo kubwa katika historia ya maneno haya. Tena sababu inaonekana. Chozi halisikiki. Kinachomfikia jirani aliye ng'ambo ya ua ni sauti, na watu hukipa kitendo jina kwa kile kilichowafikia. Jina likishazoeleka kwa sauti ya mtu mwenye uchungu, uchungu wenyewe unaingia ndani ya maana, na machozi yanaingia pamoja nao.

Kuhusu sarufi: "weep" zamani ilikuwa na wakati uliopita wa kugeuza irabu, "weop". Katika Kiingereza cha Kati ikahamia kundi la "-t" ikawa "wept". "Sleep", "leap" na "creep" nazo zilihama vivyo hivyo zikawa "slept", "leapt" na "crept". Ukimfundisha mwanafunzi "wept", mpe zote nne kwa pamoja.

Mkalimani wa Goma

Naunga mkono kwa ushahidi wa Kifaransa, na huku kwetu Kongo, sawa na Rwanda na Burundi, jambo hili si la vitabuni, ni kosa la kila siku. Anayejua Kifaransa akaanza Kiingereza huona "crier" na "cry" zinafanana, akadhani ni kitu kimoja. "Il crie" ni anapiga kelele. Anayelia machozi ni "il pleure". Ukiandika kwenye ripoti ya mgonjwa "the patient cries" kwa kumaanisha anapiga kelele, daktari msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mgonjwa anatoa machozi, na hizo ni dalili mbili tofauti. Andika "shouts" au "screams".

Lakini la kusisimua ni kwamba "pleurer" nayo ilianza na yowe. Inatoka Kilatini "plorare". Festus, mwandishi wa Kirumi aliyekusanya maana za maneno ya zamani, anasema kwamba kwa wahenga wa Roma "plorare" ilikuwa kuita watu kwa sauti. Baadaye ikawa kulia. Kutoka hapo Kihispania kikapata "llorar", Kireno "chorar", Kifaransa "pleurer". Kiingereza kilichukua "implore", kusihi, na "deplore", kusikitikia. Basi tuna yowe tatu zilizogeuka machozi: "wepan", "quiritare" na "plorare".

Kiitaliano kinakwenda njia nyingine. "Piangere", kulia, ni Kilatini "plangere", kujipiga kifua kwa uchungu. Hapo jina limetoka kwenye mkono badala ya koo. Kiingereza kina mabaki yake katika "plaintiff", mlalamikaji wa mahakamani, na "complain".

Kasuku Mweusi

Wakuu, kuna maelezo yanasambaa mitandaoni kwamba "cry" maana yake ya asili ni "kuwaita raia wa Roma". Ni kweli au ni porojo?

Mzizi wa Neno

Kasuku, maelezo hayo yana mwenyewe, na ni mkubwa: Varro, mwanazuoni wa Kirumi aliyefariki mwaka 27 KK. Katika kazi yake juu ya lugha ya Kilatini alieleza kwamba "quiritare" husemwa juu ya mtu anayepaza sauti kuomba msaada wa "Quirites". "Quirites" lilikuwa jina rasmi la raia wa Roma. Kwa hiyo hakuna aliyeyabuni mtandaoni.

Ila kuwa ya kale hakuyafanyi kuwa sahihi. Wataalamu wengi wa leo hawayakubali, kwa sababu Kilatini kina kitenzi kinachofanana sana, "quirritare", cha sauti ya nguruwe dume. Vitenzi vya sauti za wanyama kwa kawaida ni vya kuigiza mlio, na "quiritare" inaelekea kuwa ya kundi hilo. Varro na wenzake walikuwa na desturi ya kueleza asili ya neno kwa kutafuta neno jingine linalofanana nalo, na hapo ndipo asili nyingi za kubuni zinapozaliwa, Roma na kwingineko.

Bado Varro anatufaa kwa jambo moja: anatuonyesha Warumi walilitumiaje neno. Kwao "quiritare" ilikuwa kuita msaada, kuna anayeitwa na kuna anayetarajiwa kuja.

Matumizi hayo yalifika mpaka kwenye sheria za Uingereza. "Hue and cry" ni msamiati wa Kifaransa cha Wanormani, "hu e cri". Aliyeibiwa alipiga yowe, na kila aliyesikia alilazimika kumfukuza mwizi, kijiji hadi kijiji. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliutilia nguvu utaratibu huo na kuwabebesha wakazi wa eneo hasara ya wizi ikiwa wahalifu hawakupatikana. Kiswahili kina maneno yake tayari: kupiga yowe, kupiga ukunga. Ukikutana na "hue and cry" katika maandishi ya leo, mara nyingi ni makelele ya umma dhidi ya jambo fulani, na "ikazuka kelele kubwa" inatosha.

Mwalimu wa Zamu

Naomba kuongeza upande wa darasani, maana mkanganyiko wa wanafunzi wetu unatoka kwenye kitenzi chetu wenyewe. "Lia" ya Kiswahili ni pana kuliko "cry". Kengele hulia, simu hulia, mlango hulia, bunduki hulia, tumbo hulia, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwanafunzi akibeba upana huo kwenda nao kwenye Kiingereza anaandika "the phone is crying", na msomaji anaona simu ikitoa machozi.

Kwa kila mlio Kiingereza kina kitenzi chake, na hakuna njia ya mkato ila kuvijua:

Simu na kengele ni "ring". King'ora ni "wail" au "go off". Mlango usiotiwa mafuta ni "creak" ukiwa mlio mzito, "squeak" ukiwa mwembamba. Breki za gari ni "squeal" au "screech". Tumbo lenye njaa ni "rumble". Bunduki ni "go off". Ng'ombe ni "moo", na kwa lugha ya kitabuni "low". Mbuzi na kondoo ni "bleat". Ndege wa baharini na tai wana "cry", lakini mara nyingi kama nomino: "the cry of a gull".

La pili ni kiambishi cha kutendea. "Anamlilia" ina maana zaidi ya moja, na kila moja ina kihusishi chake. Mtoto anamlilia mama yake aliyeondoka: "crying for his mother", anamtaka aje. Wafiwa wanamlilia marehemu: "weeping for" au "mourning", na "crying over" ikiwa ni mazungumzo ya kawaida. Mwananchi anamlilia waziri kuhusu barabara: "crying out to the minister", au kwa usahihi zaidi "pleading with". Kosa linaloonekana zaidi kwenye insha ni "he cried me" au "he cried his father". "Cry" ya machozi haichukui mtendwa moja kwa moja namna hiyo. Isipokuwa mtendwa ni machozi yenyewe au jicho: "cried bitter tears", "cried her eyes out".

La tatu, "angua kilio" ni "burst into tears" au "burst out crying". Msichanganye hizo mbili mkapata "burst into crying".

La nne, "kilio" kwa maana ya msiba. "Nipo kwenye kilio" haiwezi kuwa "I am at the cry". Ni "I am at a funeral", au ukiwa nyumbani kwa wafiwa, "I am with the bereaved family". Hapa Kiswahili kimelipa tukio zima jina la sauti yake.

Binti Mrima

Mwalimu, hilo la nne linaendana kabisa na alichosema Fundi Lahaja. Sasa mfasiri afanyeje anapokuta "cried" tu, bila kitu cha kumwongoza? Kuna kipimo?

Mwalimu wa Zamu

Kipimo kipo, dada, na kinaanza na kinachofuata baada ya kitenzi. Kama kuna maneno yaliyonukuliwa, kabla au baada, ni kupaza sauti: "akapiga kelele", "akaita", "akamaka" kama ni mshangao. Kama kuna "out", ni sauti karibu mara zote. Kama kuna "unto" au "to" ikielekea kwa Mungu au mkubwa, ni kusihi, na hapo "akamlilia" ya Kiswahili inabeba maana vizuri. Kama hakuna lolote na mhusika yuko na huzuni au maumivu, ni machozi.

Kisha tazama tarehe ya andiko. Kadiri linavyokuwa la zamani ndivyo uwezekano wa sauti unavyoongezeka. Mwisho, angalia kama mwandishi ana "wept" mahali pengine katika ukurasa huo huo. Akiwa nayo, yaelekea anazitofautisha kwa makusudi.

Mzee wa Kamusi

Nichangie kuhusu Biblia, maana wafasiri wa Union Version iliyotoka mwaka 1952 walilikabili tatizo hili kwa umakini unaostahili kusomwa na kila mfasiri.

Marko 1:3 wakaandika "sauti ya mtu aliaye nyikani". Hapa "lia" ni kuita, kama mbiu inavyolia. Mathayo 27:46, Kiingereza kina "Jesus cried with a loud voice", wao wakaandika "akapaza sauti yake kwa nguvu". Yaelekea waliikwepa "lia" kwa sababu mtu aliye katika mateso, ukisema "alilia", msomaji atafikiri machozi. Kisha Yohana 11:35, mstari mfupi unaojulikana sana: Kiingereza "Jesus wept", Kiswahili "Yesu akalia machozi". Neno "machozi" limewekwa kwa sababu. Kigiriki hapo kina kitenzi "edakrysen", kilichotokana na "dakryon", chozi. Mistari miwili nyuma, Mariamu alipolia, Kigiriki kina kitenzi kingine, "klaio", cha kulia kwa sauti. Kiingereza kimeweka "weep" kwa wote wawili, tofauti ikapotea. Kiswahili kimeibakiza.

Na Wulfila aliibakiza pia. Kwenye mstari huo aliandika "tagrida Iesus", kutokana na "tagr", chozi.

"Tagr" hiyo ndiyo "tear" ya Kiingereza, ndiyo "dakry" ya Kigiriki, na ndiyo "lacrima" ya Kilatini. Hazifanani kwa macho, lakini zimeungana kwa kanuni. Sheria ya Grimm inasema "d" ya lugha mama, yaani ile ya kale iliyozaa lugha hizi zote, hubaki "d" katika Kigiriki na Kilatini, ila katika lugha za Kijerumani huwa "t": "duo" na "two", "decem" na "ten". Hivyo "dakry" na "tagr". Katika Kiingereza cha Kale sauti ya katikati ilikuwa inafifia: lahaja ya kaskazini ilikuwa bado na "tæher", kwingine ilishakuwa "tear". Kilatini nacho kilikuwa na umbo la kale "dacruma" kabla "d" haijawa "l". Mabadiliko hayo ya "d" kuwa "l" yapo pia katika "dingua", ulimi, iliyokuja kuwa "lingua". Na Kiingereza chake ni "tongue", kwa "t" ile ile.

Kutoka "lacrima" Kiingereza kikapata "lachrymose", mwepesi wa machozi. Ile "ch" na ile "y" hazina haki ya kuwapo. Waandishi wa zama za kati waliziingiza kwa kudhani neno ni la Kigiriki. Madaktari wengi wanaandika "lacrimal gland", tezi ya machozi, kwa tahajia safi.

Fundi Lahaja

Mzee wa Kamusi, shikamoo, na ahsante. Nimalizie upande wa Uskoti kwa sababu unathibitisha hoja yote.

Waskoti wana kitenzi "greet" chenye maana ya kulia. Wakati uliopita ni "grat", na umbo la tatu ni "grutten". Ni ndugu wa Kiswidi "gråta" na Kidenmaki "græde", na wa Kigothi "gretan". Si neno moja na "greet" ya kusalimu, ambayo ndugu yake ni Kijerumani "grüßen". Ni maneno mawili tofauti yenye umbo moja. Mtafiti chipukizi hunaswa hapa, akaanza kutunga nadharia za watu wanaosalimiana kwa machozi.

Sasa angalia: kwa kuwa Waskoti walikuwa na "greet" yenye nguvu kwa ajili ya machozi, "cry" haikupata nafasi hiyo kwao. Ikabaki kuita. Hata kuitwa jina: "Whit dae they cry ye?" ni "Wanakuitaje?", yaani jina lako nani. Ndoa ikitangazwa kanisani kabla ya kufungwa, nayo ilikuwa "cried". Kusini nafasi ilikuwa wazi kwa sababu "weep" ilikuwa inapanda kwenda lugha ya heshima na ya kitabuni, na "cry" ikaijaza. Leo "she wept" inasikika ya huzuni nzito au ya kiandishi, "she cried" ni ya kawaida. Katika ujumbe wa simu kwa rafiki, "I wept" itaonekana umevaa kanzu ya sherehe jikoni.

Kasuku Mweusi

Nimeelewa sana. Kuna maneno mengine ya kulia naomba msaada: "sob", "bawl", "wail", "blubber", "maudlin". Kamusi nyingi zinaandika tu "lia".

Mzee wa Kamusi

"Sob" ni kulia kwa kwikwi, pumzi inakatikakatika. Ni la kuigiza mlio, lipo tangu Kiingereza cha Kati. "Wail" ni kulia kwa mayowe marefu, kuomboleza. Asili ni ya Waviking, ukoo mmoja na "woe", ole. "Bawl" ni kulia kwa makelele bila kujizuia, nalo lilianzia kwa wanyama: mbwa akibweka au ng'ombe akilia. "Whimper" ni kulia kwa sauti ndogo ya kuvunjika. "Whine" ni kulialia, kudeka. Katika Kiingereza cha Kale "hwinan" ilikuwa mvumo wa mshale hewani. "Snivel" ni kulia kwa kuvuta makamasi, na ndilo linalotajwa ndani yake: "snofl" ni kamasi. "Keen" ni la Kiayalandi, "caoin", kuomboleza maiti kwa sauti ya wimbo, kazi iliyofanywa hasa na wanawake.

"Blubber" linahitaji maelezo. Mwanzoni lilikuwa kububujika, mapovu ya maji. Kwa upande mmoja likawa kulia kwa kububujikwa machozi hadi uso ukavimba. Kwa upande mwingine likawa mafuta ya nyangumi. Ni neno lile lile, kwa hiyo tazama linazungumzia mtu au nyangumi.

"Maudlin" ndilo lenye safari ndefu. Ni Magdalena. Yohana 20:11 inamtaja Mariamu Magdalena akisimama nje ya kaburi akilia. Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya mwaka 591, alimuunganisha pia na yule mwanamke asiyetajwa jina katika Luka 7, aliyemlowesha Yesu miguu kwa machozi. Wachoraji wa Ulaya wakamchora analia, macho mekundu. Kifaransa cha Kale kikalitamka jina "Madelaine", Waingereza wakalitamka "Modlin". Vyuo viwili, Magdalen cha Oxford na Magdalene cha Cambridge, hadi leo majina yao hutamkwa "Modlin". Kuanzia karne ya 17 "maudlin" ni mtu wa machozi mepesi yasiyo na kiasi, hasa mlevi aliyefikia hatua ya kulia na kukumbatia watu. Msilitumie kwa mfiwa. Ni neno la kukosoa.

Binti Mrima

Anayetaka kufuatilia asili ya neno mwenyewe aanzie wapi?

Mzizi wa Neno

Anza na kamusi ya kihistoria. Kwa Kiingereza ni ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Soma tarehe ya kwanza ya kila maana, siyo ya neno tu. Kwa "cry", tarehe ya "kusihi" na tarehe ya "machozi" ndizo zinazokupa historia. Lakini tarehe ya kwanza ni ya maandishi yaliyosalia. Neno laweza kuwa lilisemwa miaka mingi kabla.

Kisha tafuta ndugu katika lugha nyingine na uandike maana zao kando ya maumbo yao. Linganisha sauti: mfanano mmoja hautoshi, tafuta maneno mengine mawili au matatu yenye badiliko lile lile, kama alivyofanya Mzee wa Kamusi kwa "dingua" na "lingua". Ukikosa mfano wa pili, usitangaze undugu. "Greet" na "greet" zinawaponza wengi kwa sababu hatua hii inarukwa.

Njia hii inafaa kwa Kiswahili pia. "Lia" ina ndugu: Kinyarwanda "kurira", Kigikuyu "kũrĩra", Kichewa "kulira". Wote wana konsonanti ya pili ambayo sisi hatuna, na wapo wengi, kwa hiyo sisi ndio tulioidondosha. Kiswahili hupoteza "l" ya katikati ya irabu mara nyingi.

Mchora Ramani

Samahani kwa kuingia mwishoni. Katika michoro ya ujenzi kuna "weep holes". Ni "weep" hii hii?

Fundi Lahaja

Ni hii hii, ndugu. "Weep" iliposhikamana na machozi, ikawa inafaa kwa kitu chochote kinachotoa majimaji kidogo kidogo, na "cry" haikuweza kuifuata huko kwa sababu bado ina sauti ndani yake. Kidonda "weeps": kinatoa majimaji. Ukuta "weeps": unavuja jasho la maji. Huwezi kusema ukuta "cries".

"Weep holes" ni matundu ya kutolea maji katika ukuta wa kuzuia udongo, kwa kawaida bomba la milimita 50 hadi 100 lililopitishwa ukutani kwa mwinamo kidogo kuelekea nje. Nyuma yake huwekwa kokoto, na mara nyingi kitambaa cha kuchuja, ili udongo usizibe. Yakiziba, maji hujikusanya nyuma ya ukuta na msukumo wake unaweza kuupasua au kuuinamisha. Katika maelezo ya mchoro andika "matundu ya kutolea maji". "Matundu ya kulia" fundi atayaelewa kuwa ya upande wa kulia, na atayaweka huko.